Mtungi Nyuma ya Kiti

Ijumaa, 28 Machi

Leo gari limetuchemkia. Tulikuwa tunarudi kutoka Bungoma, Baba ametoka kwenye mashine ya kusafisha damu, amechoka kama mtu aliyelima tangu alfajiri, na kwenye mwinuko wa Misikhu mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti. Nikasimama kando. Baba hakushtuka hata kidogo. Ujana wake wote aliendesha malori ya ushirika, akibeba mahindi ya watu kutoka Suam hadi Bungoma, na kwake gari kuchemka ni kama mtoto kulia.

"Usifungue," akasema. "Wacha ipoe kwanza. Hiyo itakuchoma uso na bado hatujakupatia bwana mwingine."

Paipu la juu la rejeta lilikuwa limepasuka karibu na klipu. Nilikata sehemu iliyopasuka kwa makasi yangu ya nguo, Mungu anisamehe, nikalirudisha na kukaza klipu kwa bisibisi. Maji tuliomba kwa mama mmoja anayeuza ndizi. Tukafika Kitale.

Naandika haya kwa sababu nikikaa bure nasikia gari likichemka, na limezimwa. Kila Jumanne na Ijumaa lazima Baba awe Bungoma, ndiko alikopata nafasi ya mashine, na gari ni hili moja. Akikosa siku moja, miguu inavimba na pumzi inamkatika. Akikosa mbili, sitaki kuandika.

Jumamosi, 29 Machi

Nimenunua paipu jipya na klipu mpya, nimefunga mwenyewe. Picha nimeituma Spana Mkononi, kile kikundi chetu cha simu cha wenye magari wa Kitale na Bungoma wasiokimbilia gereji kwa kila kikohozi. Wangila, mwalimu wa Bungoma ambaye huongea badala ya kuandika, akatuma sauti: "Dada Nasike, sasa wewe ni fundi kamili. Hawa watu wa gereji watakula wapi, bana?" Nimeisikiliza mara mbili, sioni aibu kusema.

Mathenge, mkulima wa kule kijiji cha Kwanza, akaandika: "Uliangalia kifuniko cha rejeta? Raba yake iko aje?" Mathenge hajui kujibu bila kuuliza. Ukimwambia umeamka salama atataka kujua umejuaje.

Jumanne, 1 Aprili

Wangila anasema gari la mwananchi bila mtungi wa maji si gari, ni maombi. Kwa hiyo nimenunua mtungi wa njano wa lita tano, nimeujaza, nimeuweka sakafuni nyuma ya kiti cha Baba.

"Kazi ya maji niachie mimi," Baba akasema. "Wewe shika usukani."

Nilifurahi. Tangu alipohamia kwangu kutoka Ndalu hana kazi hata moja ya kufanya. Namkuta sebuleni ameshika rimoti na televisheni imezimwa. Mtu aliyekuwa akishusha gia boksi kando ya barabara ya Suam mvua ikimpiga, leo nampimia maji ya kumezea dawa kwa kikombe cha chai. Acha awe na mtungi wake.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua za kweli zimeanza. Kila shamba kutoka hapa hadi Kamukuywa lina watu wameinama.

Tukiwa njiani mimi husimama Webuye. Nashona sare za shule, na duka la Nyambu pale Webuye ndilo linaloninunulia nyingi. Baba hubaki garini. Leo niliporudi nilimkuta amesimama kando ya boneti akijifuta mikono.

"Imetaka maji," akasema. "Nimeiongezea."

Nikainua mtungi. Ulikuwa umepungua sana. Moyo ukanishuka hadi kwenye klachi. Paipu jipya, klipu mpya, na bado linakunywa?

Jumanne, 8 Aprili

Nasikia vitu. Kuna mlio wa panya kwenye mkanda. Kuna kitu kinagonga nikikata kushoto. Na kuna chubwi, chubwi, iliyonitesa kutoka Kiminini hadi Kamukuywa. Nikazima redio. Nikafungua dirisha, mvua ikaniingia.

"Baba, unasikia hiyo?"

"Ni mtungi," akasema bila kugeuka. "Maji inacheza. Haijajaa."

"Kumbe ni hiyo tu."

"Wewe umeisikia leo. Mimi naisikia njia yote."

Nikacheka, nikawasha redio. Webuye, tena: limetaka maji, ameliongezea.

Ijumaa, 11 Aprili

Sista Chepkorir, muuguzi anayesimamia mashine, alimpima Baba uzito kisha akaniita kando.

"Mzee ameongeza kilo nne tangu Jumanne. Hiyo si nyama, ni maji. Anatoa wapi?"

"Sista, maji ya kwangu napima na mkono wangu."

"Sisemi ni wewe. Nasema ni maji." Akambonyeza Baba kifundo cha mguu kwa kidole gumba, akaachilia. Shimo likabaki pale pale. "Hii ndiyo geji yake. Ukibonyeza na ngozi irudi mara moja, yuko sawa. Shimo likikaa, amekunywa. Na siku moja hayo maji yatafika kwa moyo."

Baba alikuwa anatazama dari kama mtu aliye kanisani.

Nimeudhika njia nzima. Nimefika nyumbani nikafunga kabati la vikombe na kutoa kichwa cha bomba la nje. Labda ni supu. Labda ni tikiti lile alilotumiwa na watu wa Ndalu. Au mizani yao imechoka, maana wanaopanda ni wengi.

Jumanne, 15 Aprili

Wangila: "Vunja mayai mawili ndani ya rejeta. Ule ute unaenda unaziba katundu. Babu yangu alifanya hivyo akafika Malaba."

Nikavunja. Gari limenuka chapo mayai mpaka Webuye. Baba alicheka hadi akakohoa, akasema hajawahi kusafiri na staftahi iliyo mbele ya dereva. Nilimpenda sana leo. Zamani alicheka hivyo tukipanda lori lake, mimi katikati na mama dirishani.

Webuye, maji yamepungua tena. Mathenge kwenye kikundi: "Mayai ya kienyeji au ya gredi?" Sikujua kama anatania. Kisha: "Na utaosha rejeta lini?"

Jumatano, 16 Aprili

Nimeosha rejeta mpaka vidole vimekunjamana. Sijashona hata kola moja.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Nimempeleka Baba Ndalu akaone mahindi yake, yaliyopandwa na ndugu yangu. Yameota vizuri, mistari imenyooka. Wakamletea chai, soda, uji, kila shangazi na kikombe chake. Baba akakataa vyote kwa upole. "Nimeshiba maji, jamani. Daktari amekataza." Shangazi mmoja akatokwa na machozi kwa jinsi Baba alivyokuwa na nguvu ya moyo. Mimi nilijiona mrefu. Ningekuwa na Sista Chepkorir pale ningemwambia atazame mwenyewe.

Baba alirudi garini kabla yetu sote, akasema jua limemchosha.

Jumanne, 22 Aprili

Jambo moja nalishangaa. Geji ya joto haipandi. Tumepanda mwinuko wa Misikhu na mshale umetulia katikati. Asubuhi nikifungua rejeta, limejaa mpaka mdomoni. Na bado Webuye linataka maji.

Wangila ana jibu: "Geji imekufa hiyo, usiiamini. Dada, toa themostati. Hizo vitu zilitengenezewa nchi ya barafu. Hapa kwetu ni kuziba maji bure tu." Watu wengi kikundini wakaweka vidole gumba. Karibu wote wamezitoa zao.

Mathenge: "Kitale asubuhi ni joto au baridi?"

Huyu mtu amenichosha.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimetoa themostati, kile kidude kinachozuia maji mpaka injini ipate moto. Boliti moja ilikuwa imeshika kutu, nikaipiga, nikaiombea, nikaitukana kwa Kibukusu, ikaachia. Baba alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake muda wote huo. Nilidhani angenielekeza. Alifungua mdomo mara moja.

"Nasike."

"Naam, Baba?"

"Hiyo gari..." Akatazama themostati mkononi mwangu. "Basi. Angalia usipoteze hizo boliti." Akaingia ndani.

Nadhani inamuuma kuona mwanamke anafanya kazi aliyoifanya yeye.

Jumanne, 29 Aprili

Injini baridi, hita haipulizi, tumetetemeka mpaka Kamukuywa. Mafuta linakunywa kama harusi. Maji pia.

Ijumaa, 2 Mei

Siku mbaya. Baba aliamka hawezi kulala chali, pumzi inasikika kutoka chumba cha pili. Nilikanyaga mafuta. Kila lori mbele yangu nililichukia. Tulipofika wakamwekea oksijeni kabla ya mashine. Sista Chepkorir hakunigombeza safari hii, alinishika tu bega, na hiyo ilinitisha kuliko maneno.

"Mzee akiendelea hivi," akasema, "mashine itashindwa. Si yeye atashindwa. Mashine."

Nimerudi kwenye gari nikafungua boneti bila sababu, nikaanza kugusagusa paipu. Kitu ninachoweza kukaza kiko pale. Kwa Baba sioni klipu.

Jumanne, 6 Mei

Linakunywa. Sina la kuongeza.

Ijumaa, 9 Mei

Leo nimeandika kikundini kila kitu: paipu, klipu, mayai, kifuniko kipya cha rejeta, themostati nje, na bado mtungi unaisha kila safari. Wangila akasema atafikiria. Mathenge akaniuliza swali, mbele ya watu wote:

"Nani huwa anatia hiyo maji?"

Nikajibu: baba yangu mzazi, dereva tangu kabla hujazaliwa.

"Sawa, madam. Na wewe umewahi kumuona akitia?"

Anataka kusema nini? Ati Baba ni mwongo? Ati anamwaga maji barabarani kwa raha zake? Mtu wa heshima ambaye ushirika ulimkabidhi lori na mahindi ya wilaya nzima, leo anahojiwa na mkulima wa Kwanza ambaye hatujawahi hata kumwona. Sikumjibu. Nilikaa nikashona mpaka sindano ya cherehani ikavunjika.

Jumanne, 13 Mei

Wangila amefikiria. "Ni gasketi ya kichwa, dada. Maji inaingia ndani ya injini, inachomeka, inatoka kwa ekzosi kama mvuke. Ndio maana hauoni ikivuja. Lazima tufungue. Nitakuja Kitale Jumamosi ile ya tarehe ishirini na nne na spana zangu, tuifanye wenyewe."

Kufungua kichwa cha injini. Anasema siku tatu au nne kama kila kitu kikienda sawa, na mimi sijaona kitu kikienda sawa mwaka huu. Baba atafika vipi Bungoma? Nimemwambia habari hiyo tukiwa mezani. Kijiko kikabaki hewani.

"Wafungue injini?"

"Ndiyo, Baba. Hakuna njia nyingine."

"Hiyo injini haina makosa."

"Sasa maji inaenda wapi?"

Akasukuma sahani. Ananitia wasiwasi, siku hizi hukasirika bila kusema.

Ijumaa, 16 Mei

Mathenge amenitumia ujumbe wa pembeni. Kwanza ameomba msamaha kama alinikosea kuhusu mzee, akasema yeye pia alikuwa na baba. Kisha: "Kabla mfungue injini, usitumie maji kwanza. Weka kulanti ya kijani, ile dawa ya kupoza injini, kwa rejeta na kwa mtungi pia. Maji haina rangi, haiwezi kukuonyesha imepita wapi. Kijani itaacha alama. Kama inavuja utaiona. Kama inaingia kwa injini utaona kwa kifuniko cha oili." Akanitumia na picha ya chupa anayotumia yeye.

Ni akili, lazima nikiri. Mwishoni akaongeza: "Iweke mbali na watoto. Ni sumu, na ni tamu."

Kwangu hakuna watoto.

Jumatatu, 19 Mei

Nimemwaga maji yote ya rejeta, nimejaza kijani, chupa zile zile za picha ya Mathenge. Mtungi nao nimeujaza kijani kiasi cha nusu, kwa vile chupa ziliishia hapo. Baba alikuwa amelala, sikumwambia. Anadharau kulanti, huita maji ya rangi ya kudanganya wenye magari mapya, na angeimwaga. Kesho nitajua. Nina furaha ya ajabu, kama mtu aliyetega mtego.

Jumanne, 20 Mei

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha mashine, Bungoma.

Mvua ilituchukua kutoka Kiminini. Mtungi ulicheza njia nzima, chubwi, chubwi, na Baba alikuwa amefumba macho. Webuye nikashusha mafurushi mbio. Nyambu akanichelewesha kwa habari ya zipu za sketi. Niliporudi, Baba alikuwa ameketi mahali pake, mlango wazi, kifuniko cha mtungi mkononi.

"Imetaka maji," akasema. "Nimeiongezea."

Boneti ilikuwa imejaa matone ya mvua kutoka pembe hadi pembe, na hakuna mkono uliokuwa umeyagusa. Nikayatazama. Nikamtazama Baba. Ana ndevu fupi nyeupe, na chini ya mdomo palikuwa na kijani. Tone jingine lilikuwa kwenye kola ya shati jeupe, shati nililomshonea mwenyewe.

Nakumbuka mvua ikiniingia mgongoni.

"Baba, umekunywa?"

Akaanza kufunga kifuniko cha mtungi.

"Baba. Umekunywa hii?"

"Ni tamu," akasema, kama anayeuliza. "Nilidhani ni mdomo wangu. Tangu hiyo mashine kila kitu ina ladha ya msumari. Umeweka nini humu, Nasike?"

"Umemeza ngapi?"

"Funda mbili. Ya tatu nimetema."

Sijui nimeendeshaje kutoka Webuye. Kama gari lilikuwa linagonga au linalia, sikulisikia. Nilikuwa nasikia pumzi yake tu. Alijaribu kusema kitu karibu na mji, nikamwambia, "Nyamaza Baba, tafadhali, nyamaza tu upumue," na akanitii kama mtoto, na hilo ndilo lililonitoa machozi.

Nikamwambia Sista Chepkorir mlangoni: "Baba amekunywa kulanti ya gari. Ni mimi niliiweka kwa mtungi. Yeye alidhani ni maji." Hakuuliza mtungi gani. Akaita daktari, wakamsukuma ndani. Daktari akataka kujua ni kulanti ipi, ina nini ndani. Chupa ziko Kitale, kwenye pipa la takataka. Nikamwandikia Mathenge maneno machache. Kabla sijaishusha simu, picha zikaingia, chupa mbele na nyuma, maandishi yanasomeka vizuri. Kwa mara ya kwanza hakuuliza kitu.

Daktari amesoma, akaniita. Alisema sumu hiyo wanaitoa kwa dawa na kwa mashine hii hii ya damu. Wengine huinywa wakiwa mbali na hospitali, mashine ikatafutwa wilaya nzima. "Huyu wako kitanda chake kilikuwa kinamngoja. Atakaa juu ya mashine muda mrefu kuliko kawaida na tutamlaza. Nina matumaini. Siwezi kukuahidi."

Niliiweka mimi. Niliambiwa ni sumu na ni tamu, nikasoma, nikaandika kwenye daftari hili kwamba kwangu hakuna watoto.

Jumatano, 21 Mei

Yuko macho. Daktari amesema damu yake inaendelea vizuri, na bado wanaiangalia.

Nilikuwa nimepanga maneno. Niliyapanga tangu asubuhi, mazito, kuhusu mayai na vidole vyangu na themostati na jinsi nilivyogombana na watu kwa ajili ya jina lake. Nilipoingia alinitangulia.

"Gari iko sawa," akasema. "Tangu ubadilishe hiyo paipu iko sawa kabisa. Haijawahi kunywa hata kikombe."

"Najua, Baba."

"Nilikuona ukitoa themostati. Nilitaka kusema. Kufungua gari nzima namna hiyo, mimi Khaemba nimesimama hapo nikitazama. Ni aibu kubwa. Lakini nikaona nikisema, utaondoa mtungi."

Nikamnyooshea shuka miguuni.

"Wewe unajua kiu, Nasike? Hujui. Unajua kutaka maji, halafu unakunywa. Mimi nimenywesha magari katika kila mto kutoka hapa hadi Suam, nikatia kichwa changu kwa maji nikitaka. Sasa napimiwa kwa kikombe, na nyuma ya kiti changu maji inacheza, inacheza, kutoka Kitale mpaka hapa. Ningekuwa mwizi wa kitu kingine ningeacha."

Nikakasirika. Nikalia. Nikamwambia angekufa, na mimi ndiye ningekuwa nimemuua, kwa mkono huu. Akaniambia ameshafikiria hilo usiku kucha na ndilo tu limemtisha, si kufa. Nikambonyeza kifundo cha mguu. Shimo lilikuwa dogo, likajaa polepole mbele ya macho yangu.

Jumamosi, 24 Mei

Wangila alifika Kitale asubuhi na spana zake zote kwenye mfuko wa shule, hajasoma ujumbe wangu wa kumzuia. Nikamweleza kila kitu, hapo hapo kando ya gari. Aliketi kwenye mtungi wa oili. Nilimtegemea aseme kitu cha kuchekesha. Akasema, "Nilikuwa na uhakika, dada. Nilikuwa na uhakika kabisa," na sauti yake ile niliyokuwa nikiirudia mara mbili mbili ikawa ndogo. Baadaye akanisaidia kurudisha themostati na kulisafisha rejeta. Boliti zote zilikuwepo.

Kikundini wanauliza, tundu limepatikana? Nimeandika kwamba gari ni zima, na kwamba mtu asiache kulanti kwenye mtungi wowote unaojulikana kuwa wa maji. Mathenge ameweka kidole gumba, basi. Nimempigia simu. Tumeongea kuhusu mahindi.

Jumapili, 25 Mei

Baba ametoka. Mvua siku nzima.

Jumanne, 27 Mei

Nilikuwa nimeutupa mtungi ule. Asubuhi Baba akatoka na fimbo yake, akafungua boneti, akakagua rejeta, akapapasa klipu, akasema, "Haijapungua." Kisha akatazama nyuma ya kiti chake.

"Mtungi wa maji uko wapi?"

"Nimetupa, Baba."

"Gari haisafiri bila maji. Paipu ikipasuka tena utaomba nani?" Tayari alikuwa amenunua mwingine kwa jirani. Akaniletea. "Jaza."

"Baba."

"Jaza mpaka mdomoni, mpaka imwagike. Maji ikijaa haichezi."

Nilisimama na mtungi ule kwenye bomba nikiwa nimekasirika, sijui kama namkasirikia yeye au nafsi yangu. Nikaujaza hadi ukamwagikia viatu vyangu, nikafunga, nikauweka pale pale alipotaka. Niliogopa. Naandika wazi, niliogopa tangu tunaondoka Kitale. Tulipita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, na nyuma yetu palikuwa kimya.

Webuye nilitaka aingie nami dukani. "Nenda," akasema. "Nyambu anangoja." Nikaenda. Nyambu alisema mambo mengi kuhusu zipu, sikusikia hata moja. Niliporudi Baba alikuwa ameketi mikono juu ya magoti, anatazama kioo cha mbele, na jasho limemtoka. Nilitaka kukagua nyuma ya kiti. Mkono ulishaanza kwenda. Nikawasha gari.

Bungoma, Sista Chepkorir akampandisha kwenye mizani, akasoma, akasoma tena, akaandika, kisha akamshika mkono mpaka kitandani. Mimi nikatoka nje. Nikafungua mlango wa nyuma, nikauinua mtungi, mzito kama nilivyouweka, na kuutikisa kwa mikono miwili. Haukulia.